Kitambaa cha Mkono wa Kushoto

Kitambaa kile kilinuka moshi wa kuni mbichi na vitunguu. Mama alikichana kutoka kwenye pindo la kanga yake kuukuu, ile aliyojifunga akienda bustanini, na kila asubuhi kabla ya uji alinifunga nacho mkono wa kushoto kiunoni, fundo likiwa nyuma nisikoweza kufikia. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa bonde, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka mjini Lushoto, na miezi ile ya baridi ukungu uliingia mpaka jikoni, kwa hiyo kitambaa hakikukauka vizuri hata siku moja. Mpaka leo nikipita mahali panapochomwa kuni mbichi mkono wa kulia hukishika kiwiko cha kushoto kabla sijakumbuka kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, enzi za Mwingereza, na picha ya Malkia ilitutazama kutoka juu ya ubao. Tangu nizaliwe nilitumia mkono wa kushoto. Nilipokuwa mdogo walinipiga vidole kidogo huku wakicheka, wakisema nitaacha. Sikuacha. Kisha mjomba, kaka yake Mama, akapanda kutoka Mombo kuja kututembelea, na mimi kwa pupa ya kutaka kumfurahisha nikampelekea kikombe cha chai kwa mkono huohuo. Mjomba hakukipokea. Alikitazama tu, mvuke ukipanda kati yetu, mpaka Mama akaja kuninyang'anya. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake, na kumpa mtu mzima kitu kwa mkono huo ni kumtukana. Kesho yake kanga ikachanwa.

Mama hakuwa mkatili, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anaogopa. Aliona siku nitakayoolewa, wakwe wakinitazama nikiwapakulia chakula, watu wakiuliza nani alinilea. Hofu hiyo akaniambukiza na mimi. Nikawa naichunga mikono yangu kama mtu aliyekabidhiwa mbuzi wa jirani: nikiamkia, nikipokea kitu, nikikata tonge. Kabla mwezi haujaisha, maneno yakaanza kunikwama. La kwanza lilikuwa "baba". Midomo ilishikana, nikasukuma, halikutoka. Shuleni watoto wakanipa jina la Kwikwi, nami nikaona afadhali ninyamaze kabisa. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema jioni moja kwamba mtoto asiyefungua mdomo darasani anachakaza viatu vyake bure, bora abaki nyumbani asaidie kubeba kabichi. Niliipenda shule kupita kiasi. Tangu siku hiyo kila asubuhi niliamka nikidhani leo ndiyo ya mwisho.

Shuleni pia nilikwenda nimefungwa, sweta juu yake. Rafiki yangu Hadija ndiye aliyenifungua wakati wa mapumziko ili tucheze mdako, na kengele ikilia alinifunga tena, akihangaika kulifanya fundo lifanane na la Mama. Siku moja nilikuwa nimerusha kokoto juu, mkono wa kushoto unazoa nyingine shimoni, huku nikimgombeza Hadija kwa kuniibia zamu, nilipoona viatu vya Mwalimu Hiza pembeni ya shimo letu. Kokoto ilianguka. Nilijua nimekwisha.

"Endelea kucheza," alisema, akaenda zake.

Mwalimu Hiza alikuwa kijana, ndiyo kwanza ametoka chuo cha ualimu, mwenye tai moja na kitabu kimoja alichokithamini kuliko hiyo tai. Alisema ni kitabu cha saikolojia. Sisi tulidhani ni jina la dawa. Walimu wenzake walimtania kwamba anataka kufundisha watoto kwa kuwapapasa vichwa. Kwa wiki mbili nilimwona akinitazama na kuandika katika daftari, darasani na uwanjani, na kila alipoandika nilizidi kuogopa. Sikujua kwamba alichokuwa anaandika ni lini nimefungwa na lini nimefunguliwa, na lini maneno yanakwama.

Jumamosi akaja nyumbani. Nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni, karibu na Mama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

"Ahsante. Mzee, nimekuja kwa ajili ya binti yako. Naomba mkono wake ufunguliwe."

Baba akacheka kidogo. "Mtoto wa Kiislamu ale kwa kushoto, mwalimu?"

"Sikusema ale, mzee. Ale kwa kulia, apokee kwa kulia. Aandike kwa kushoto. Kitabu changu kinasema mtoto akilazimishwa kubadili mkono, ulimi nao unavurugika."

"Huyo aliyekiandika amewahi kula na sisi?"

Mwalimu akatikisa kichwa. "Hajawahi, mzee. Lakini mwanao nimemwangalia mwenyewe. Akifunguliwa, anasema."

"Anasema?" Mama aliuliza kutoka mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Baba akageuka kumtazama, kisha akatoa hukumu. Mkono ufunguliwe mpaka maharage yavunwe. Siku ya wazazi nisimame nisome mbele ya watu. Nikisoma, nitabaki shule. Nikishindwa, mwalimu asirudi tena pale na kitabu chake.

Wiki zile zilikuwa ndefu. Mkono ulikuwa huru, lakini mimi sikuwa huru hata kidogo. Nilifanya mazoezi bustanini, nikiwasomea kabichi, na maneno yakatoka. Nikifikiria watu, yanakwama. Niliandika insha fupi juu ya bustani yetu, kwa mkono wangu, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Siku ikafika. Jumbe, mkuu wa eneo letu na mgeni wa heshima siku hiyo, alinipa karatasi ya insha yangu, nikaipokea kwa kulia nikapiga goti, kisha nikaihamishia kushoto. Wazee walikohoa. Neno langu la kwanza lilikuwa "bustani", na midomo ikashikana vilevile kama siku ile. Nikasukuma. Nyuma, watoto wakaanza: kwi, kwi. Nilimwona Mwalimu Hiza akiinuka nusu, jasho limemtoka na baridi yote ile, anataka kunisaidia kulitamka. Nikajua kila kitu kimeharibika.

"Mwache," Baba akasema kutoka mstari wa mbele. "Amalize."

Hakumtazama mtu. Mwalimu akakaa, watoto wakanyamaza, na watu wote wakanisubiri. Neno likatoka vipandevipande. Nilikwama tena mara nyingi, na kila mara walisubiri. Nikasoma mpaka mwisho.

Siku chache baadaye nilikuta kitambaa kile bustanini, Mama amefungia nacho mche wa nyanya kwenye kijiti chake. Nilibaki shule.

Baadaye nami nikawa mwalimu, nikasoma vitabu vingi kuliko vya Mwalimu Hiza. Wataalamu wengi wa leo hawaamini tena kwamba kubadili mkono ndiko kunakoleta kigugumizi. Huenda kitabu chake kilikosea. Lakini yeye aliniangalia mimi, na kwa hilo namshukuru mpaka kesho. Wajukuu zangu wanaandika kwa mkono wautakao na hakuna anayewafunga. Kinachonitia wasiwasi ni haraka. Mtoto akisita kidogo tu, mtu keshammalizia neno, keshageukia simu yake.

Juzi tukiwa tunakula, mjukuu wangu wa mwisho alikwama katikati ya kisa chake, na mama yake akafungua mdomo amsaidie. Chini ya meza mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshika kiwiko cha kushoto, kama kawaida yake. Nilitaka kusema "mwache". Midomo ikashikana. Nikasukuma, na meza nzima ikageuka kunitazama, na yule mtoto, ambaye bado hakuwa amemaliza lake, akainua mkono kumzuia mama yake, akanisubiri.