Mchungaji, Twende Ukanisikie

Mimi namsifu Mungu kwa kunguruma. Muziki wangu ni metalcore ya Kikristo: magitaa mazito, ngoma za kasi, na zaburi inayotoka tumboni kama fahali aliyenaswa kwenye tope. Mchungaji wetu hapa Bariadi alinisikia mara moja, akasema tuliombee kwanza jambo hilo.

Basi nikahamishia mazoezi kwenye majaruba ya baba, mpunga ukiwa umeanza kukomaa. Jioni moja nikamwona Mama Kulwa, jirani yetu wa shamba, amesimama tutani akinisikiliza mpaka mwisho.

“Ng'wanone,” akasema, yaani mwanangu kwa Kisukuma, “sauti hiyo umepewa na Mungu. Kesho njoo kwetu. Watu wote wanakusubiri.”

Machozi yalinilengalenga. Asubuhi nikavaa suti, nikampakia mchungaji kwenye pikipiki ili ajionee jinsi wakulima walivyoguswa. Njiani nikamkumbusha, kwa upole wa mtu aliyeshinda, kwamba nabii hakubaliki kwao.

Kweli tukakuta majirani wamekusanyika. Mama Kulwa akamsalimia mchungaji kwa heshima, kisha akanionyesha dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia ndege, katikati ya mpunga.

“Panda, ng'wanone. Tangu uanze kupiga kelele shambani kwa baba yako, kweleakwelea wote wamehamia kwetu.”

Nikamgeukia mchungaji, nikitegemea atanitetea.

“Panda, kijana,” akasema taratibu. “Ukimaliza hapa, hata mimi nina jaruba kule ng'ambo.”