Muuguzi wa Kapata Aliyetukanwa Bombani

Ni mwaka 1984, katikati ya kiangazi. Jua halijapanda, lakini vumbi limekwisha kuwafunika wanawake waliopanga foleni nje ya zahanati ya Kapata, kando ya Kolwezi, mji wa migodi. Muuguzi Mbelu anawapitia mmoja mmoja, anafunua vitenge, ananusa bandeji za watoto.

"Mama anaweza kunificha," asema. "Harufu haiwezi."

Ndivyo alivyomgundua Mwenze ndani ya kitenge cha mama yake, mtoto wa miaka minne aliyeunguzwa mkono na uji. Kwa majuma kadhaa hakuwa amerudishwa kusafishwa kidonda. Baba yake, Ngeleka, msimamizi mgodini, alikuwa amekataza: eti hospitali ingeiharibu dawa ya mganga.

Kwa utaratibu uliopo, muuguzi humwarifu muuguzi mkuu, naye peke yake ndiye huwaarifu wahudumu wa jamii. Mbelu alimwarifu siku ileile.

"Mama Mbelu, ile ni mambo ya nyumba ya mutu," alijibiwa. "Ngeleka ni chef, mukubwa ku mugodi. Tungojee."

Wangoje nini? Mkono uanguke? Juma likapita. Mbelu alipokwenda nyumbani kwa mtoto, vidole viwili vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi. Akamruka mkubwa wake, akaenda mwenyewe kwa mhudumu wa jamii. Jioni hiyo Mwenze alipelekwa hospitali. Vidole vilikatwa, mkono ukapona.

Aliyepewa onyo ni Mbelu. Mkubwa aliyengoja hakuulizwa lolote.

Tena Ngeleka alimfuata kwenye bomba la maji la mtaa, akapaza sauti, akimwita mchawi: "Weye muloji! Unauzisha batoto ya benzako!" Tangu siku hiyo wanawake walivuta ndoo zao kila alipofika.

"Mi naomba kitu moja," asema Mbelu, akiwataja wauguzi na ofisi ya wahudumu wa jamii. "Kila infirmière apige hodi ku service sociale yeye mwenyewe. Kidonda haingojeake chef."

Huku, aliyetukana huja kulifuta tusi lake palepale alipolitupa. Jumapili iliyopita, mkono ulipokwisha kupona, Ngeleka alifika bombani na Mwenze, kuku mweupe kwapani.

"Mama Mbelu, nilikuita muloji hapa, mbele ya hawa bamama. Leo narudisha ile neno."

"Kuku moja haitoshi, tata Ngeleka!" mwanamke mmoja akamtania, wengine wakacheka.

Mbelu hakucheka, wala hakumpokea kuku. "Na mutoto, tata? Yeye unamulipa nini?"

Ngeleka akachuchumaa matopeni, usawa wa macho ya mwanawe.

"Unisamehe, Mwenze," akasema, akamkabidhi kuku.

Mwenze akamshika kuku miguu, kwa vidole vyake vitatu vilivyobaki.