Kukiulizia Chuo Kama Posa

Mkataba ulikuja kwenye simu. Niliusoma kwa kidole, neno kwa neno, maana shule yangu iliishia kidato cha pili. Ulisema chuo binafsi cha lugha, huko Uturuki, kinanihitaji nikafundishe Kiswahili. Chumba cha kulala kipo juu ya madarasa, chakula kipo, tiketi wanakata wao. Chini kabisa ukasema pasipoti yangu ifike kwa wakala wao Lindi kabla ya Ijumaa jioni. Isipofika, nafasi anapewa mwingine.

Kazi yangu Kilwa Masoko ni hiyo hiyo, kufundisha Kiswahili wageni: wachimbaji wa magofu, wazamiaji, madaktari wanaojitolea. Sina cheti. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani ndiye aliyekipa chuo namba yangu. Nilipofurahi, nilifurahi kidogo tu, kisha nikaanza kujiuliza chuo kizima kinamtafutia nini mtu kama mimi. Halafu nikajikemea. Kwa nini kisinitafute? Wanafunzi wangu wanaondoka hapa wanabishana bei ya pweza sokoni.

Sikujua chuo kinachunguzwaje. Nilichokijua ni posa. Kwetu posa ikija haijibiwi palepale. Wanawake wawili wa ukoo wanakwenda mtaa wa mposaji, wanajifanya wanatafuta nazi au wanaomba maji, wanaongea na jirani wa kulia na jirani wa kushoto. Wanaangalia ua umefagiliwa vipi na wake wa nyumba ile wanatembeaje. Nikasema basi, na mimi nitakiulizia chuo hivyo hivyo.

Jirani nilimpata. Kaka yake mama mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa Pande, anafanya kazi ghalani huko Uturuki, katika mji ule ule wa chuo. Nikamwomba apite pale. Akanitumia ujumbe wa sauti, anahema, nasikia magari nyuma yake: "Dada, chuo kipo. Kibao kipo, taa zinawaka, wanafunzi wanacheka humo ndani. Muuza mikate wa chini anasema ni watu wazuri, ila walimu hawakai. Wanabadilika badilika."

Nililala na hilo la kubadilika. Nikalitetea mwenyewe: hata shule zetu walimu wanahama, na hakuna anayesema wameliwa.

Jumatano meneja wa chuo akanipigia simu ya video. Mwanamke wa makamo, Mtanzania, mtu wa pwani kabisa kwa maongezi yake. Nilikuwa kwa shangazi yangu Kivinje, tumekaa mkekani. Shangazi ndiye aliyenilea, na habari za Uturuki alikwishazimaliza mtaa mzima.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba, mdogo wangu! Hata hujanenepa kwa furaha? Ngoja nikupe mwalimu aliyekutangulia uongee naye. Muulize chochote, usione haya."

Akaingia binti mwembamba, kavaa ushungi wa kijani, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Lafudhi yake ya Tanga. Nikamuuliza kazi ikoje. Nzuri. Chakula? Kizuri. Wanafunzi? Wazuri, wanapenda. Kila nikimaliza swali alikuwa anatazama kwanza juu ya simu, pale alipokuwa meneja, ndipo ananijibu. Nikamuuliza pasipoti yake anakaa nayo yeye.

"Ipo ofisini," akasema.

"Kwa usalama," sauti ya meneja ikadakia. "Na kibali cha kuishi bila hiyo hakitoki. Ndiyo taratibu za huku, mdogo wangu."

Nikashukuru, nikaaga, tukatakiana kheri. Nikakata simu moyo umetulia. Nikamgeukia shangazi nikitarajia vigelegele.

"Umemuuliza mke mbele ya mama mkwe wake," shangazi akasema.

"Shangazi!"

"Shangazi nini? Mimi nilipokwenda kumuulizia mume wa mdogo wako, nilimtoa mke wa kaka yake mpaka kisimani. Angenijibu nini mama mtu kakaa pale na ungo? Na wewe mwalimu! Unafundisha watu kuuliza maswali!"

"Kwa hiyo nisiende?"

Hapo akachanganyikiwa, maana kwenda alikuwa anakutaka kuliko mimi. "Nani kasema usiende? Nenda. Ila ulivyouliza hukuuliza kitu."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichoma. Kosa lile nisingelifanya kwenye posa hata siku moja. Nililifanya kwa sababu ya simu. Nilimwona binti peke yake kwenye kioo, nikadhani yuko peke yake.

Nikamwandikia mtu wa Pande: tafadhali mfikishie yule mwalimu namba yangu, anipigie akiwa na nafasi yake. Akajibu kwamba binti haonekani kushuka barabarani, hivyo namba kamwachia muuza mikate, anayewapandishia mikate kila asubuhi. Toka hapo simu sikuiweka chini. Niliingia nayo jikoni, nikatoka nayo uani, niliswali imelala mbele ya msala, Mungu anisamehe.

Alhamisi mchana ikaita. Namba ya Uturuki. Nikapokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mdogo wangu," akasema meneja. "Nasikia unatuma watu kutuulizia mtaani."

Nikatoka uani na simu sikioni.

"Mimi ningekuwa mgeni ningeelewa. Lakini mimi ni dada yako. Una wasiwasi, niulize mimi. Unanitia aibu kwa majirani."

Alikuwa na haki ya kukasirika, nataka niliseme hilo. Mtu akimtuma mpelelezi nyumbani kwangu, hata mimi ningenuna. Nikamwomba radhi, na nilimaanisha. Kisha nikasema, "Dada, nataka jambo moja tu. Yule mwalimu anipigie mwenyewe, kwa simu yake, tuongee wawili."

"Ameondoka. Yuko likizo."

"Jana si alikuwa hapo?"

"Na leo yuko likizo. Sasa likizo mtu aombe ruhusa Kilwa?" Akacheka, kicheko kizuri tu. "Kesho peleka pasipoti. Wenzako wanaililia nafasi hiyo."

Watu huenda likizo. Nilijiambia hivyo mpaka asubuhi.

Ijumaa nikapanda gari Nangurukuru, pasipoti nimeifunga kwenye pindo la kanga, kanga ndani ya mkoba, mkoba mapajani. Kufika Lindi watu wanaelekea msikitini. Ofisi ya wakala ni chumba kimoja juu ya duka la vyombo. Kijana msafi, mpole, kanipa kiti na maji ya kunywa. Sina baya la kumsema. Akavuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na pasipoti zimefungwa kwa mpira. Nazo si ushahidi wa kitu. Wakala wa safari asikae na pasipoti akae na nini?

"Mama, lete tu, naisajili sasa hivi."

Nikaitoa. Nikaishika juu ya meza, sikuiachia. Nikasema, "Mwanangu, naomba uwaulize kitu kimoja. Niende nayo mwenyewe, mkononi. Wakati wa kibali twende wote ofisi ya uhamiaji, wakimaliza nirudishiwe nikae nayo. Wakikubali hilo, nasafiri hata kesho."

Akapiga simu mbele yangu. Aliongea kwa heshima, akanieleza vizuri kabisa kuliko nilivyojieleza. Kisha akasikiliza, jicho lake kwangu. Nilijikuta naomba wakubali. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: nilikuwa naomba wakubali.

Akakata. "Wamesema hapana, mama. Na wamesema usisumbuke tena, nafasi keshapewa mwingine."

"Sasa hivi?"

"Ndivyo walivyosema." Akaitazama meza. "Pole."

Nikaifunga pasipoti kwenye pindo la kanga, nikashuka ngazi. Nikakaa kwenye kizingiti cha duka la vyombo mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua sufuria.

Kesho yake shangazi akaanza kuwaambia watu kwamba Uturuki kuna baridi.

Chuo kile bado kipo. Mtu wa Pande anasema taa zinawaka na wanafunzi wanacheka kama mwanzo, na sina nilichokiona kwa macho cha kuwashtaki. Huenda nimeikataa kazi njema ya watu wema. Kuhusu binti wa Tanga, muuza mikate kasema hajamwona tena.

Laini yangu nilikuwa niibadilishe, mtandao wake hauna nguvu huku. Nimeiacha, maana namba hiyo ndiyo aliyoachiwa muuza mikate. Ikiita kwa namba nisiyoijua napokea upesi, najitenga na watu kwanza, ndipo nasema haloo.