Kinyesi cha Justa na Vifaranga Wangu Mia Mbili

Kinyesi cha mwanangu kimepanda gari lenye kiyoyozi, ndani ya boksi la barafu, hadi maabara. Mimi mama yake kiyoyozi nakisikia tu.

Cheka, lakini nisikilize. Yalinikuta hapahapa Mollo, Sumbawanga, na tangu siku hiyo nimejifunza kunyamaza. Kidogo.

Walikuja watafiti wakitaka choo cha watoto wazima, wapime wadudu wa tumboni. Si wagonjwa, wazima! Justa wangu ana miaka mitano na ugali wa ulezi anaufuta sahani nzima. Nikamtanguliza mbele ya watoto wote wa mtaa.

"Andika hapo," nikamwambia Nestory, yule kijana mtafiti. "Huyu hajameza antibayotiki hata moja tangu azaliwe."

"Safi sana, mama."

"Najua."

Nina stashahada ya maendeleo ya jamii. Kwenye kikundi chetu cha akina mama, mimi ndiye napiga kelele: usimeze dawa bila kupima, ukianza dozi maliza. Wananiita Mama Dozi. Sijali.

Sasa, mwezi uleule mama mkwe wangu, Silvana, akaugua. Analala chumba kimoja na Justa, wanakula sahani moja, na mtoto akitoka chooni bibi ndiye anamtawaza.

Homa. Kiuno. Mkojo unaunguza. Zahanati wakampa vidonge, akamaliza. Wapi! Wakambadilishia, akamaliza. Homa palepale, na sasa hata kikombe cha uji kinamshinda kushika.

Mimi jibu nilikuwa nalo.

"Mama, wewe unanunua vidonge vya rangi mbili dukani kwa siri. Mwili umezizoea, ndiyo maana dawa hazikushiki."

"Mimi?"

"Hilo kopo chini ya mto lina nini?"

Akalisukuma kwangu. Nikalifungua mbele ya mume wangu, Modesti, ili aone mwenyewe.

Pipi za minti. Za Justa.

Modesti akatoka nje. Kama alikuwa anacheka au amekasirika, sikumfuata kuuliza.

Tukampeleka hospitali. Wakauotesha mkojo wake maabara, waone ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi. Siku tatu za kusubiri, nikimwona anakwisha machoni pangu. Huyu mama alinipokea bibi harusi nisiyejua hata kusonga ulezi, na hajawahi kunitangaza kwa majirani.

Majibu yakatoka: bakteria wa tumboni, ameingia njia ya mkojo, na dawa nyingi amezigomea. Imebaki sindano ya aina moja. Wakaanza kumchoma.

Mchana wa siku hiyo nimerudi nyumbani kuchukua nguo zake, Nestory huyo hapa na karatasi ya Justa.

"Mtoto mzima kabisa, mama. Ila tumboni ana bakteria sugu. Kwa sasa hawamsumbui, na watoto wengi wanao bila kujua. Shida ni wakimfikia mtu dhaifu, au wakihamia pasipo pao."

Nikamtolea karatasi ya mama mkwe. Akaziweka mezani bega kwa bega, akashuka nazo kwa kidole. Dawa zilizogoma kwa bibi ndizo zilizogoma kwa mjukuu. Ya kwanza kabisa, tetrasaiklini.

"Siwezi kuapa kwamba ni mdudu yuleyule," akasema. "Lakini mama, nani hapa anatumia tetrasaiklini?"

"Hapa? Hakuna!"

Justa akaingia. Mkono mmoja kifaranga, mkono mwingine kitumbua, mavi ya kuku mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, nimeshawawekea ule unga wa njano kwenye maji!"

Nikamnyang'anya kitumbua.

Nina vifaranga mia mbili. Kila Jumatatu walikuwa wanakunywa dawa, wazima wa afya, eti kinga. Hakuna daktari wa mifugo aliyeniambia. Nilijiandikia mwenyewe.

Nestory akaichukua pakiti dirishani, akasoma, akanigeuzia. Oksitetrasaiklini.

Mama Dozi! Nilikuwa na wagonjwa mia mbili wasioumwa.

Sindano ya mwisho mama mkwe alichomwa amekaa kitandani, anadai chai. Nikajikaza.

"Mama, nisamehe. Kosa linaweza kuwa langu. Kuku wangu."

Akaninyooshea mkono.

"Mama Justa, kopo langu umeleta?"

"Nimeleta."

"Haya, chukua pipi moja. Ukiwa na kitu mdomoni utapumzika kusema watu."

Wodi nzima ikacheka. Nikala pipi.

Siku hizi kuku mzima hapewi dawa kwangu, akiumwa namwita mtaalamu. Justa bandani haingii, na sabuni iko mlangoni. Na kwenye kikundi nimewaambia ukweli: mtoto anaweza kuwa mzima na bado amebeba kitu, na dawa haiishii kwa aliyeimeza, hata kama ana manyoya.

Jina wamenibadilishia. Sasa naitwa Mama Minti.