Biskuti Zisizo na Macho

Ukiitazama sufuria hii kwa haraka utasema imeharibika. Sufuria za watu huungua chini. Hii imeungua chini na juu, mfuniko wake mweusi tii, umebonyea katikati kwa uzito wa makaa ya miaka mingi. Siku ya arobaini ya bibi yangu, watu wakiwa bado wanakula, jirani yetu wa ukuta mmoja aliingia kwake akatoka nayo imefungwa kwenye kanga kuukuu, akaniwekea mapajani. Akasema bibi alimwachia aitunze, na nikija nipewe mie, si mwingine. Nilishukuru. Ile kanga sikuifungua. Nilijua kilichomo kwa uzito wake tu, na nilijua kwa nini sikutaka kukiona.

Nililelewa na bibi na babu, wazazi wa mama yangu, Kiwalani, upande ambao ndege zikishuka unaweza kuyaona matairi yake. Ndege ikipita, bati lilitetemeka na mazungumzo yakakatika, kisha kila mtu akaendelea na neno lake pale alipoliachia. Tuliona ni kawaida. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya machinjio ya Vingunguti, na hiyo nayo tuliiona ni kawaida. Nakueleza haya ili ujue ilivyokuwa siku bibi alipooka. Harufu ya ndimu na sukari ilipanda juu ya ukuta ikaenda uchochoroni, na kwa muda wa saa moja hivi mtaa mzima ulinuka kama nyumba ya watu wengine.

Bibi alijifunza biskuti zile kwa mama mmoja mgeni ambaye bibi alimfanyia kazi za ndani zamani, kule upande wa baharini. Yule mama alizitia maganda ya limau na vitunda vidogo vya buluu vilivyokuja vimegandishwa kwenye pakiti. Bibi alivionja akaviona havina lolote. Alisema ni zambarau zilizokosa nguvu. Alipoacha kazi alirudi na maarifa bila pakiti. Akatumia ndimu, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na zambarau, kwa sababu kwa mwalimu mstaafu, nyumba ya nne kutoka kwetu, palikuwa na mzambarau.

Tanuri hatukuwa nalo. Sufuria hii ilitandazwa mchanga mkavu ndani, ikawekwa juu ya jiko la mkaa, na kisahani cha bati chenye biskuti kikakalishwa juu ya vijiwe vitatu. Kisha mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Moto wa chini ulitakiwa kuwa mdogo, wa juu ndio mkubwa. Kazi yangu ilikuwa kupepea, na kukwangua maganda ya ndimu kwenye kopo alilolitoboa kwa msumari. Vidole vyangu vilichubuka, ndimu ikaingia kwenye michubuko. Bibi aliniambia hayo ndiyo malipo ya fundi. Zambarau tulizitoa kokwa, tukazichemsha kidogo na sukari, kisha kila biskuti ikapata mbili au tatu juu yake.

Alikuwa na neno lake wakati wa kufunua. Alisema biskuti laini hutolewa mapema, ingali inakudanganya kwamba ni mbichi. Ukingoja iive machoni, itakuwa mfupa mdomoni. Na ulaini ndio uliokuwa shabaha yote. Biskuti zile hazikuwa za wageni wala za sikukuu. Zilikuwa za babu, ambaye hakuwa na meno.

Babu alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini, na vumbi la mpingo lilikuwa limemkaa kifuani. Nilipokuwa na miaka tisa hakuwa tena anakwenda kwenye banda la wachongaji. Alikaa kwenye kiti mlangoni na patasi mbili, akachonga vitu vidogo, kisha akawa hachongi, akawa anakaa tu. Mwishoni karibu kila chakula kilimshinda. Uji aliukataa akisema yeye si mwali. Biskuti za bibi ndizo alizozikubali.

Kwetu babu na mjukuu wana utani wao. Aliniita mke mdogo. Bibi aliniita mke mwenzangu, na kila nilipompelekea babu sahani yake alinionya nisijipendekeze, kwamba mzee huyo ana mwenyewe. Babu aliinua biskuti moja kwenye mwanga kabla hajaila, akaigeuza kama anakagua kazi ya mwanafunzi. Zile zambarau aliziita macho. Kinyago, aliniambia, huwekewa macho mwisho kabisa, kisije kikaanza kukutazama kabla hujamaliza kukosea.

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Msimu wa zambarau ulikuwa unakwisha, mvua kubwa zilikuwa zimekaribia. Babu alikuwa hajala tangu asubuhi ya jana yake. Akamwambia bibi kwamba angeweza kujaribu biskuti, zile zenye macho. Bibi alinipa kikombe cha bati akanituma kwa mwalimu. Mwalimu hakuwahi kumfungulia mtoto geti bila swali. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza saba mara nane. Nilipopata akanionyesha tawi la nyuma na kuniambia zimebaki hizo tu, zikiisha hizo ni mpaka mwakani.

Nilichuma kikombe kikajaa. Zilikuwa zimeiva mpaka zinapasuka. Njiani nilikula moja. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na njaa. Bibi alikuwa amenipa mihogo muda si mrefu. Nilikula moja kwa sababu ilikuwa nzuri, nikala ya pili kwa sababu nilikwisha kula ya kwanza. Nilikaa kwenye jiwe nyuma ya kinu cha kusaga unga, na nilipokumbuka kutazama kikombe, zilikuwa zimebaki nne. Zambarau nne hazipelekwi nyumbani. Zambarau nne ni ushahidi. Nikazila na hizo.

Nikamwambia bibi hazikuwepo, zimeisha mtini.

Alikuwa ameinama anapanga mchanga kwenye sufuria. Akainuka akanitazama, akanitazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, “Haya, mke mwenzangu. Nenda kasukutue, ndiyo umpelekee babu yako maji.”

Nilikwenda nikasukutua. Niliona ni usafi tu. Ulimi wangu ulikuwa mzito kwa ukakasi, na nilifurahi kwamba nimeponea.

Bibi alioka za ndimu tupu. Zilitoka laini kama siku zote, nyeupe, kila moja sawa na mwenzake. Nilimpelekea babu. Aliinua moja kwenye mwanga, akaigeuza. Akasema, “Leo vipofu hawa, mke mdogo.” Nikamjibu kwamba zambarau zimeisha, babu. Akaitikia kwa kichwa. Alimega kipande, akakila polepole, akafunika zilizobaki kwa kitambaa. Sahani ilirudi jikoni ikiwa na biskuti sita. Siku ya tatu yake alfajiri akafariki.

Najua biskuti haimponyi mtu. Nimeishia darasa la saba lakini hilo nalijua. Lakini mtu mzima aliomba kitu kimoja katika siku zake za mwisho, kikawepo mtini, kikawepo mkononi mwangu, kisimfikie. Hilo halihitaji kisomo.

Bibi hakuoka tena. Msimu uliofuata zambarau ziliiva, mwalimu mwenyewe akatuma salamu kwamba mtoto aje achume, bibi akashukuru, na sufuria ikabaki imening'inia msumarini. Mie nilinyamaza. Nilidhani anaacha kwa uchungu wa mumewe, nikadhani pia nikiomba biskuti maneno mengine yatafuata nyuma yake. Nikakua, nikaolewa Gongo la Mboto, nikapata cherehani na watoto. Kila nilipokwenda kumwona niliazimia kumwambia. Nilikuwa nafika, namwamkia, namfulia, namsokota nywele, najisikia nimeweka maneno tayari kabisa. Halafu ndege inapita. Ikishapita naona hapafai tena. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, amebaki mdogo, na hata hapo nilizungumzia bei ya mchele.

Baada ya arobaini nilikaa na ile sufuria wiki nzima kabla sijaifungua. Kisha nikanunua zambarau za kupima kwa kikombe kwa mama mmoja barabarani, nikatafuta mchanga, nikawasha mkaa, ingawa jiko la gesi ninalo. Wanangu walinishangaa. Nilizitoa mapema, zikiwa bado zinadanganya. Nikazifunga kwenye kitambaa nikaenda Kiwalani kwa jirani yetu, kwa sababu katika watu waliokuwepo siku zile amebaki yeye peke yake, na niliogopa naye asije akaondoka kabla sijasema.

Nilipita kwa mwalimu. Alikwishakufa, warithi wamekata mzambarau, wamejenga fremu za maduka. Pale kwenye shina pana kibanda cha kutumia watu pesa. Kinu cha unga hakipo. Jiwe halipo. Nyumba yetu ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mlangoni, pale palipokuwa na kiti cha babu, mtu alikuwa ameegesha bodaboda.

Jirani alinikaribisha ndani. Nikamwamkia, nikafungua kitambaa, na kabla hajagusa nikamweleza yote, kikombe, jiwe, zile nne za mwisho. Nilizungumza nikitazama sakafu. Nilipomaliza nikasikia anacheka taratibu, kicheko cha mtu mzima anayejishika mbavu.

“Wewe mtoto,” akasema, “ulirudi na mdomo kama umekunywa wino. Nilikuona mie nikiwa hapa uwani kwangu.”

Akanisimulia. Bibi alimwambia siku ile ile, ukutani hapo. Alisema kwanza alitaka kunichapa, kisha akaniona vile nilivyokuwa nimesimama, ushahidi mdomoni na sina habari, akashindwa. Akanituma nikasukutue ili mzee asijue. Lakini zambarau haitoki kwa maji. Jioni, nilipokuwa nimelala, babu alimwita bibi akamwambia, “Mke mwenzio kanila macho.” Wakacheka wote wawili mpaka babu akakohoa, na bibi ikabidi amwinue ampigepige mgongoni, huku bado wanacheka.

Nilimuuliza kwa nini basi bibi hakuoka tena. Jirani akasema hata yeye aliwahi kumuuliza, mara moja tu. Bibi alimjibu kwamba aliyezila zambarau hajaomba biskuti. Siku atakapoziomba, bibi ataoka.

Jirani alikula biskuti moja, akasema ni laini, ila za bibi yangu zilizidi ndimu. Ni kweli. Zilizobaki nilimwachia, nikarudi nyumbani jioni na kitambaa kitupu.

Nilidhani ningerudi mwepesi. Kwa miaka yote nilijiona nimebeba kosa, na nililizoea, lilikuwa langu. Sasa nabeba kingine ambacho sijui nikiweke wapi. Nyumbani kwetu, katika siku za mwisho za babu, watu wawili wazee walicheka kwa sababu yangu mpaka wakaishiwa pumzi. Mie nilikuwa chumba cha pili, nimelala, nimefunga mdomo wangu kwa nguvu, na kicheko kile sikukisikia.