Koko na sauti ya simu

Ninyi wote wa jamaa muko wapi? Wiki nzima hakuna mutu anapita kwangu. Miguu imevunjika?

Bon. Leo nimeona wivu juu ya simu.

(Binti yangu mwenye kuniandikia hii anacheka. Andika tu!)

Mujukuu wangu Fatuma anasoma iniversite. Akili iko, lakini herufi zinamuchezea kwenye macho. Tangu mudogo, mwenzake wa masomo anatusomea masomo mara moja tu, mimi nashika yote kichwani, kisha namurudilia, sisi wawili tukitwanga pondu, majani ya muhogo. Mimi sikusoma, lakini sisahau.

Leo amekuja na simu yenye kumusomea masomo kwa sauti. Ina sauti tatu.

"Koko, bibi yangu, unichagulie moja."

Kumbe ni mimi nitachagua mwenye kunifukuza kwenye kazi yangu!

Nikachagua ile mbaya kabisa: nzito, polepole, kama mama muzee mwenye mafua. Nikasema moyoni, siku mbili ataichoka.

Fatuma akaruka. "Hata mimi nilipenda hii! Koko, iko kama wewe kabisa!"

Mimi? Na mafua?

Semeni, mungejibu nini?

Fatuma, ukirudi, uzime ule muzee mwenzangu kwenye mulango. Halafu uingie. Mitwangio ya pondu iko mbili tu, yako na yangu.