Msiba wa Gulwe Unaosubiri Barafu

Wasomaji wangu, jirani yangu wa zamani hapa Ipagala amefariki dunia, na hadi naandika haya hajazikwa. Alikuwa fundi mitambo kwenye meli ya utafiti, zile zinazopasua barafu ya bahari kusini kabisa mwa dunia. Moyo ulimsimama akiwa kazini. Meli imebanwa na barafu, maiti imehifadhiwa kwenye chumba cha baridi, na kwao Gulwe turubai limefungwa, watu wanakaa msibani bila kujua mwenyewe atafika lini.

Kila akija likizo nilimchimba, maana mimi ni mmbea wa kazi za watu. Alisema barafu ikisugua ubavu wa meli ni kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria, siku nzima, na wewe umo humo ndani. Kiangazi cha kule jua halizami, kwa hiyo aliziba dirisha kwa kitenge cha mama yake ili apate usingizi. Wanasayansi wakishuka kutoboa barafu, yeye alibaki na injini zake. "Kaka, kule ukizidiwa hakuna wa kukufuata," aliniambia. "Mnangoja barafu iwaachie." Kisha akaomba chai nyingine.

Juzi nilikwenda Gulwe kutoa pole. Nikiwa pale, wakala wa meli alipiga simu kutoka Dar es Salaam: meli ikikwama zaidi, ndugu wanataka maiti isubiri, au azikwe baharini? Marehemu mwenyewe alitaka nini? Sote tuliokuwapo siku ya kumuaga kabla ya safari tulijua kwa nini hatuna jibu. Tukiwa tunakula, alianza kusema, "Mama, ikitokea nimefia kule..." Mama akamkata: "Acha uchuro, mwanangu. Kula." Tukaona mama kasema vyema, tukaingia kwenye maombi ya safari njema.

Jambo hili linanisumbua hata usingizi sipati vizuri. Mila zetu za msiba zilizoea maiti inayochelewa kwa sababu gari limeharibika Gairo, kesho inafika. Leo watoto wetu wanafanya kazi mahali ambapo hata jeneza linangoja hali ya hewa, nasi tunawaaga kana kwamba wanakwenda mnadani Kondoa. Tunawaombea riziki, tunawaagiza simu, na neno la maana kuliko yote tunaliita uchuro.

Siku ile ya simu, wajomba walikuwa wameanza kukubali azikwe baharini. Mama, aliyeketi kwenye mkeka, akaomba simu. "Mimi sijui alitaka nini. Nilimkataza kusema," alimwambia wakala. "Basi mleteni. Nitakaa hapa mpaka afike." Hakuna aliyethubutu kumweleza kwamba huenda ikawa miezi. Ninyi mnaomwandaa mtoto kwa safari ya mbali, akianza maneno yale, hata kama mwili unawasisimka, mwacheni amalize.